Panchakarma ya Kerala: bei inatoka wapi, na pesa yako uipeleke wapi

Panchakarma ni tiba ya Ayurveda, utabibu wa jadi wa India, ya kusafisha mwili kwa njia kama kutapishwa au kuharishwa, na jimbo la Kerala, kusini mwa India, linajulikana kwayo. Kabla ya kuuliza bei, uliza siku. Anayetangaza "kusafisha mwili kwa siku tano" anauza kukandwa kwa mafuta. Kukandwa ni kuzuri, lakini si panchakarma, na usikubali kulipia kukandwa kwa bei ya panchakarma.

Hesabu inakwenda hivi. Tuseme daktari amekuchagulia virechana, yaani kuharishwa kwa dawa. Unaanza kwa kunywa samli iliyopikwa na mitishamba kila asubuhi, siku 3 hadi 7. Dozi ya kwanza huwa karibu mililita 30, kisha hupandishwa kila siku kadiri tumbo linavyoimudu. Zinafuata siku 3 za kukandwa kwa mafuta ya moto na kufukizwa. Kuharisha kwenyewe ni siku moja. Baada ya hapo tumbo linarudishwa kwenye chakula polepole: uji mwepesi wa mchele, uji mzito, supu ya choroko, mwishowe wali. Siku hizi za uji ndizo watu husahau kuziwekea bajeti, na urefu wake haujulikani mapema. Kwa kanuni ya zamani, ukienda chooni mara 10 unapewa siku 3 za uji, mara 20 siku 5, mara 30 siku 7. Jumla haipungui siku 10 na inaweza kufika 18.

Kwa hiyo siku 14 ndicho kiwango cha chini cha kuaminika, na 21 zinakupa nafasi ya kupumua. Mpango wa siku 7 unaotaja kuharisha ndani yake lazima umeruka kitu, na mara nyingi kinachorukwa ni uji. Mgonjwa aliyetoka kuharisha leo, kesho akala biriani na keshokutwa akapanda ndege, hurudi nyumbani na tumbo lililovurugika na mwili usio na nguvu.

Gharama nyingine kubwa ni mikono na mafuta. Kwenye pizhichil, mafuta ya vuguvugu hukamuliwa mwili mzima kwa karibu saa nzima, lita kadhaa, na wakandaji wawili au zaidi. Njavarakizhi inataka mchele wa njavara, ambao hukomaa kwa siku 60 hivi, upikwe kwa maziwa na mizizi iliyochemshwa, kisha ufungwe kwenye vitambaa vya kukandia. Haya hayawezi kuwa rahisi, na yakiwa rahisi kupita kiasi ujue kuna mahali wamebana. Desturi inaruhusu mafuta yako mwenyewe yatumike tena kwako, hadi siku 3. Kumwagiwa yaliyotoka kwa mgonjwa mwingine ni uchafu. Omba chombo chako kiandikwe jina.

Sasa mahali pa kwenda, kuanzia panapostahili zaidi.

Nafasi ya kwanza tunazipa hospitali zenyewe za Ayurveda, za serikali, za kufundishia au za taasisi kongwe. Arya Vaidya Sala ya Kottakkal, iliyoanzishwa mwaka 1902, ndiyo inayojulikana zaidi. Cheruthuruthy, wilaya ya Thrissur, ipo taasisi ya taifa ya utafiti wa panchakarma. Nje ya Kerala, ndugu wenye asili ya Kathiawar wanaweza kuangalia Jamnagar, Gujarat, penye taasisi ya kufundishia na utafiti. Chumba ni cha kawaida na chakula ni cha mgonjwa, ila unamwona daktari kila siku na dozi inabadilishwa kwa hali yako.

Ya pili ni hospitali ndogo ya familia ya matabibu, yenye vitanda vichache. Hapa uangalizi unaweza kuwa wa karibu kuliko hata Kottakkal, au ukawa wa ovyo. Daktari awe na BAMS, yaani shahada ya udaktari wa Ayurveda, na kituo kiwe na cheti cha idara ya utalii ya Kerala.

Hoteli za ufukweni tunaziweka ya tatu. Sehemu kubwa ya bili ni mandhari na bwawa la kuogelea. Ukizitaka, nenda Julai au Agosti, wakati wa mvua. Wenyeji huutumia mwezi wao wa Karkidakam, katikati ya Julai hadi katikati ya Agosti, kwa tiba hii, na watalii wa jua hawapo. Desemba hadi Februari utalipia msimu.

Kliniki za mjini kwetu zinatosha kwa kukandwa na kufukizwa, si kwa kuharishwa. Na vifurushi vya vidonge vya "kuondoa sumu" vya mtandaoni, usinunue. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulipima dawa 193 za Ayurveda zilizouzwa mtandaoni, ukakuta risasi, zebaki au aseniki katika asilimia 20.7.

Ukilinganisha bei, gawanya kwa siku za tiba, si siku za kulala. Kwa mfano, dola 1,000 kwa siku 7 zenye siku 5 za tiba ni dola 200 kwa siku. Dola 1,700 kwa siku 14 zenye tiba 12 ni kama 142. Kisha uliza kwa maandishi: dawa za kunywa zimo? Wakandaji wangapi, dakika ngapi? Kitanda na chakula cha anayekusindikiza? Vipimo vya damu? Dawa za kwenda nazo nyumbani? Hizi za mwisho ndizo hushtua watu siku ya kuondoka. Tangu Julai 2022, chumba cha hospitali kinachozidi rupia 5,000 kwa siku hutozwa pia kodi ya asilimia 5.

Kuhusu sumu zenyewe tuseme wazi: ini na figo ndivyo vinavyosafisha damu, na hakuna ushahidi thabiti kwamba tiba hii inatoa sumu za ziada. Lipia maungo yaliyokaza, usingizi, au mapumziko chini ya uangalizi. Mjamzito, mgonjwa wa moyo au figo, na anayetumia insulini wasikubali kutapishwa wala kuharishwa bila daktari wao wa kawaida kujua. Kupoteza maji na chumvi kwa ghafla kunaweza kuua.

Viza ya Ayush, ya India kwa wageni wanaofuata tiba za jadi kama hii, ilianza mwaka 2023. Anayetoka Kenya au Uganda achanjwe homa ya manjano angalau siku 10 kabla ya kufika. Na tiketi iwe ya kubadilika tarehe, kwa ajili ya zile siku za uji.