Antioksidanti: nunua fungu la mapera kabla ya kopo la vidonge

Vitamini C, vitamini E na karotini ni antioksidanti: huzima radikali huru, molekuli zinazoharibu seli za mwili. Mpangilio huu unaangalia unachopata kwa shilingi yako, na hatari unayobeba nayo.

1. Mapera. Gramu 100 zina takribani miligramu 200 za vitamini C, chungwa kama 50 tu. Pera moja la wastani linamtosha mtu mzima kwa siku. Chukua lililoanza kugeuka njano, linalobonyea kidogo tu. Lenye vitundu vidogo liache, ndani kuna funza. Lile na ganda lake, bila kupika. Juisi iliyokaa tangu asubuhi inazidi kupoteza vitamini kwa hewa.

2. Viazi lishe. Mwombe muuzaji akate kimoja: nyama iwe ya rangi ya chungwa iliyokolea. Ya njano hafifu ina karotini kidogo. Chemsha na maganda, kisha ule na karanga au mafuta kidogo, maana karotini haifyonzwi vizuri pasipo mafuta.

3. Mawese. Wekundu ndiyo karotini yenyewe. Wanaoyachemsha hadi yawe meupe wanaitupa waliyoinunua. Lakini karibu nusu ya mawese ni mafuta yaliyoshiba, aina isiyofaa moyo ikizidi, kwa hiyo kijiko kimoja kwenye mboga kinatosha.

4. Rosela kavu. Iwe nyekundu iliyokolea, isiyonuka ukungu. Tatizo lake ni sukari ambayo watu humimina kwenye juisi yake. Anayemeza dawa za presha amuulize daktari kwanza, kwa kuwa rosela nayo hushusha presha.

5. Vidonge. Vinashika mkia, na si kwa bei tu. Nchini Finland, wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000 walifuatiliwa. Mwaka 1994 ikatangazwa kwamba waliopewa miligramu 20 za beta-karotini, aina mojawapo ya karotini, kwa siku walipata saratani ya mapafu zaidi, kwa asilimia 18, kuliko wasiopewa. Marekani, vitamini E ya yuniti 400 kwa siku iliongeza saratani ya tezi dume kwa asilimia 17. Vitamini C ikizidi miligramu 2,000 kwa siku huleta kuhara. Kwa hiyo soma lebo: mvuta sigara akiona beta-karotini, arudishe kopo kwenye rafu. Vidonge alivyoandika daktari kwa upungufu uliopimwa ni habari nyingine.