Kaiti Paje: mwalimu hodari, mdomo hapana

Jina lake sitalitaja, nina hasira mno. Ni mwalimu wa kaiti, ule mchezo wa kuteleza baharini juu ya ubao huku unavutwa na tiara kubwa, pale Paje, Zanzibar, kijana wa hapo hapo kijijini, kibanda chake kiko mbali kidogo na zile shule kubwa za wageni.

Kazi anaijua, hilo siwezi kumnyima. Nilikwenda msimu wa kusi, upepo unavuma kutwa, na huyu bwana hakunigusisha ubao mpaka nikaweza kuirusha kaiti mchangani bila kuitazama. Ndipo akaniingiza majini bila ubao, naburutwa kama gunia la nazi, nakunywa chumvi, naye anacheka: "Dada, legeza mikono! Ukiing'ang'ania ndiyo inakubeba!" Na kweli. Ukiivuta kifuani ile fimbo ya kuiongozea kaiti, inapata nguvu, ukiisogeza mbele inatulia, ila mwili wenye hofu unafanya kinyume. Hakunipandishia sauti hata mara moja. Siku niliyosimama juu ya ubao, sekunde chache tu, nilipiga kelele mpaka wavuvi wakageuka. Ningeondoka jioni ile, leo ningempa nyota zote tano.

Sasa njoo siku ya bamvua. Bamvua likipwa Paje, bahari inakimbilia huko mwambani, unaachiwa maji ya magotini na mashamba ya mwani. Nikamwambia, kaka, tusubiri maji yajae. Akasema ana mteja mwingine jioni, twende hivyo hivyo. Haya, tukaenda. Kaiti ikaanguka, kamba zikalala juu ya vijiti vya mwani. Palikuwa na bibi mmoja ameinama anafunga mbegu, kanga imelowa hadi kiunoni. Badala ya kuzinasua kamba taratibu, kijana akazivuta kwa nguvu. Vijiti vikang'oka, mwani ukaelea. Bibi akasema kwa upole, "Mwanangu, hiyo ndiyo kazi yangu."

Unajua alimjibu nini?

"Bi mkubwa, hamisha vijiti vyako, vinatufukuzia watalii!"

Mtalii gani? Mimi natoka Temeke! Na mwani ulianza kulimwa pwani hiyo mwaka 1989, yeye mwenyewe hajazaliwa. Shikamoo hakutoa, samahani hakusema, na huyo ni bibi wa kijijini kwake, pengine anamjua hadi mama yake. Nikavua mkanda wa kaiti, nikaanza kuokota vijiti. Bibi akanionyesha jinsi ya kuvikita, unakiinamisha kidogo kisha unakigongelea hadi kisitikisike. Nyuma yangu nasikia: "Dada, muda wako unakwenda!"

Na aliuhesabu kweli. Kukita vijiti alivyong'oa yeye kukaingia kwenye saa zangu za somo, nikalipa.

Nilikaa chini kuandika nyota tatu, kwa ajili ya ule ufundi. Nimefika kwenye hilo la muda, naona mbili zinamtosha. Hapana, moja, na hiyo moja ni ya upepo wa kusi, si yake.

Mkienda Paje, ulizeni kwanza maji yanapwa saa ngapi, na mwalimu akikwambia mashamba ya mwani si tatizo, tafuta mwingine. Ila kama haja yako ni kusimama juu ya ubao tu na mengine hayakuhusu, basi nenda kwake. Atakusimamisha.