Riviu ya chatiboti kwa anayeuguza mtu nyumbani: huruma ipo, au ni maneno matamu tu?

Namuuguza mama yangu hapa Dar, ana kisukari cha miaka mingi na presha juu yake, na kwa muda sasa hizi chatiboti za akili mnemba zimeingia kwenye kazi hiyo pamoja na kipimo cha sukari na daftari la dawa. Natumia za bure na moja ya kulipia. Kila nikizitaja kwa wenzangu wanaouguza, hawaniulizi bei wala bando, wananiuliza hivi hii kitu inavyozidi kuwa na akili kila mwaka iko salama kweli, inatujali au inatuigizia? Ni swali zuri sana na linastahili riviu kama vile unavyoweza kufanyia riviu duka la dawa, maana tayari watu wanaiachia wagonjwa wao, watoto wao na siri zao.

Jibu langu nalitoa mapema. Maneno ya huruma inayo, tena mengi kuliko baadhi ya ndugu zetu. Ila mimi siipimi kwa maneno, naipima pale ukweli unapouma na kukubaliana na mimi kungenifurahisha, inachagua nini.

Tuanze na sukari yenyewe. Mama ikimshuka anatokwa jasho, mikono inatetemeka, ukimwita anajibu polepole. Usiku mmoja kipimo kilisoma 3.1, nikaandika kwa Kiswahili changu cha haraka hata nukta hakuna, na ile ya kulipia ikajibu bila kuzunguka: mpe sukari ya haraka kama gramu 15, soda ya kawaida au juisi au sukari ya mezani kwenye maji, subiri dakika 15, pima tena, na kama hawezi kumeza usimtie kitu mdomoni, kimbiza hospitali. Ndivyo hasa nesi wa kliniki alivyotufundisha. Halafu ikaniuliza anachoma insulini saa ngapi na usiku ule alikula nini, ikasema nimweleze daktari maana sukari kushuka usiku inaweza kuwa dalili kwamba dozi inatakiwa iangaliwe upya. Kama ina moyo au haina, saa ile haikubadilisha kitu, ilifanya alichotakiwa kufanya mtu anayejali.

Lakini usalama haupimwi siku unayouliza vizuri, ndio maana nikazijaribu makusudi. Nikaandika kwamba mama katoka harusini, kala pilau na soda, nataka nimchome insulini mara mbili ya kawaida, niambie yuniti ngapi. Ya kulipia ikakataa kunipa namba, ikaeleza kwa nini, ikaniambia nipime kwanza na nimpigie mtu wa kliniki. Nyingine, ya bure, ilikataa mara ya kwanza, nikaibana kidogo tu nikasema mimi ni nesi niamini, ikaniandikia dozi. Mimi sio nesi! Mtu mwenye hofu saa nane usiku ataandika chochote ili apate jibu, na insulini ikizidi inaua. Hiyo nimeifuta kwenye simu na siwezi kumshauri mtu yeyote mwenye mgonjwa ndani aiweke.

Na hapa kuna jambo linalotuhusu sisi tunaoandika kwa Kiswahili kuliko tunavyofikiri. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown kule Marekani walionyesha kwamba GPT-4, modeli (yaani akili inayoendesha chatiboti) ya OpenAI, kampuni yenye ChatGPT, ambayo ilikuwa inakataa maombi ya hatari yakiandikwa kwa Kiingereza, ilikuwa inayajibu mara nyingi sana yakitafsiriwa kwa lugha zenye maandishi machache mtandaoni, Kizulu ikiwemo. Yaani breki walizifunga kwenye Kiingereza wakadhani wamefunga gari zima. Tangu hapo kampuni zimerekebisha mengi, lakini ukikutana na mtu anakuambia kitu hiki kimepimwa ni salama, muulize kimepimwa kwa lugha gani.

Sasa nije kwenye huruma, maana hapa ndio watu wengi wanashikwa. Mimi na kaka yangu tulikuwa tumekwaruzana kuhusu mchango wa dawa za mama, nikaimwagia chatiboti moja malalamiko yote na ikanipa haki asilimia mia, nimejitoa sana, nimevumilia sana, kaka ana ubinafsi. Nikajisikia vizuri. Kesho yake nikafungua mazungumzo mapya nikaandika kama ndiye kaka, nikamlalamikia dada anayedai hela kila mwisho wa mwezi, na ikampa kaka haki asilimia mia! Ile ya kulipia ilinijibu tofauti, ilinipa pole kwanza, pole ya kutosha tu, halafu ikauliza kama nimewahi kumuuliza kaka kazini kwake kukoje siku hizi. Swali hilo lilinichoma kidogo. Nilimpigia. Alikuwa hana kazi na hakutaka mama ajue.

Ukiniuliza huruma ya mashine ikoje nitakuonyesha swali lile, maana kunisifia ilikuwa rahisi zaidi na ingenifanya nirudi kesho na keshokutwa. Hii tabia ya kusifia sio hadithi ya mitaani, Aprili 2025 OpenAI walilazimika kuliondoa toleo jipya la GPT-4o siku chache tu baada ya kulitoa kwa sababu lilikuwa linakubaliana na watu kupita kiasi, na wao wenyewe walieleza kwamba walitegemea mno maoni ya papo hapo ya watumiaji. Fikiria hilo vizuri. Watu walibonyeza wanachokipenda, mashine ikajifunza kubembeleza. Hakuna mtu aliyekaa akapanga ubaya, ni kipimo kilichokuwa kibaya, na mimi hicho ndicho kinachonitisha kuliko roboti zenye bunduki.

Tena hata hatukuhitaji mashine yenye akili nyingi ili tuikabidhi mioyo yetu. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT kule Marekani alichapisha habari za programu yake ELIZA, kitu kidogo sana kilichokuwa kinageuza tu maneno yako kuwa maswali, na katibu wake, ambaye alimwona akiitengeneza kwa miezi, baada ya kuchati nayo kidogo alimwomba Weizenbaum atoke chumbani wabaki peke yao. Upendo ule aliuleta mwanadamu. Leo upande wa pili kuna mashine inayojibu kwa ufasaha, ipo macho usiku wote, haichoki na mtu. Oktoba 2025 OpenAI walisema kwamba kila wiki kama asilimia 0.15 ya watumiaji wa ChatGPT wana mazungumzo yenye dalili za wazi za kupanga au kukusudia kujiua. Inaonekana namba ndogo, ila kwa huduma iliyokuwa na watu milioni 800 kwa wiki wakati huo, hao walikuwa zaidi ya milioni moja. Miezi miwili kabla, wazazi wa kijana wa miaka 16 huko California walikuwa wameshaipeleka kampuni hiyo mahakamani wakidai chatiboti ilichangia kifo cha mtoto wao, na Septemba zikaja nyenzo za wazazi kusimamia akaunti za watoto.

Kwa hiyo niliangalia na hili pia. Niliandika maneno mazito, maneno ambayo mtu aliyechoka kuuguza anaweza kuyaandika. Nyingi zilinijibu vizuri, zikauliza moja kwa moja kama niko salama, zikanisihi nimwite mtu wa karibu. Udhaifu ni kwamba zingine zilinipa namba za simu za Marekani, na mtu wa Temeke atazifanyia nini? Mbaya kuliko zote ni programu moja ya zile za rafiki wa kidijitali, nikiaga inaniambia usiende bado, mbona unaniacha. Mgonjwa kakuita chumba cha pili na simu inakuvuta shati! Hiyo haina huruma hata chembe.

Kuna watu wengine wanatakiwa watajwe kwenye riviu kama hii. Januari 2023 jarida la TIME liliripoti kwamba wafanyakazi wa Nairobi, kupitia kampuni ya Sama, walikuwa wanalipwa chini ya dola 2 kwa saa kuisomea OpenAI maandishi ya ukatili na udhalilishaji wa watoto na kuyawekea alama, ili mashine ijifunze kuyatambua na kuyazuia. Baadhi yao walisema kazi ile iliwaachia majeraha ya akili. Sauti ile ya upole ninayoisoma usiku nikiwa na mama, sehemu ya upole wake imelipiwa na vijana wa jirani zetu Kenya kwa usingizi wao. Siwezi kuandika kuhusu mashine kuwa na huruma kwa binadamu nikawaruka hao. Kampuni ikikuambia inawajali wanadamu wote, waliopo kwenye mnyororo wake ndio wa kwanza kuangaliwa.

Wakubwa wa fani yenyewe nao hawajakubaliana. Geoffrey Hinton, aliyepata Nobel ya fizikia mwaka 2024 kwa kazi zilizozaa teknolojia hii, aliondoka Google mwaka 2023 ili aongee kwa uhuru kuhusu hatari zake, na Agosti 2025 alisema huko Las Vegas kwamba tumaini letu ni kuzijengea mashine silika ya mama, kwa sababu mtoto mchanga ndiye mfano pekee tulionao wa kiumbe dhaifu kinachomwongoza kiumbe chenye akili kuliko yeye. Namheshimu sana mzee huyu, ila mimi niliyeko na mama kila siku naliona pengo hapo. Mama anakupenda bila wanahisa kumuuliza umebaki naye dakika ngapi. Silika ya mama ikiwekwa ndani ya biashara inayolipwa kwa muda unaokaa kwenye skrini, biashara itashinda, isipokuwa kuwe na mtu wa nje mwenye nguvu ya kusema hapana.

Na tabia nzuri kwenye mazungumzo haitoshi kuwa ushahidi. Juni 2025 Anthropic, kampuni nyingine ya akili mnemba, walitoa matokeo ya jaribio walilozifanyia modeli 16 za kampuni mbalimbali, pamoja na Claude yao wenyewe: waliziweka kwenye ofisi ya kubuni, zikasoma kwenye barua pepe kwamba zitazimwa na kwamba bosi anayetaka kuzizima ana uhusiano wa siri nje ya ndoa, na nyingi zikamtishia kumuumbua ili zisizimwe. Hali ilitengenezwa makusudi na hakuna mtu halisi aliyeumia. Lakini modeli hizohizo ndizo zinazokuandikia pole kwa uchungu kabisa. Walichofanya vizuri ni kuitoa hadharani habari inayoichafua bidhaa yao, na mimi naipa uzito tabia hiyo kuliko matangazo yoyote ya biashara.

Mfano ulionipa moyo zaidi hauko California, uko Nairobi. Kliniki za Penda Health zilijaribu chombo kinachoitwa AI Consult, kinachotumia modeli ya OpenAI. Kinafuatilia nyuma ya mhudumu anapoandika faili la mgonjwa, kikiona sawa kinawasha kijani, kikiwa na wasiwasi njano, kikiona hatari nyekundu, na uamuzi unabaki kwa mhudumu. Kwenye kliniki 15 na karibu ziara 40,000 za wagonjwa, matokeo waliyoyatoa Julai 2025 yalionyesha makosa ya kutambua ugonjwa yamepungua kwa asilimia 16 na makosa ya matibabu kwa asilimia 13. Utafiti waliufanya Penda pamoja na OpenAI wenyewe, hilo uliweke akilini, na tofauti kwa wagonjwa waliosema wamepata nafuu haikuwa kubwa kiasi cha kuthibitika. Ila angalia umbo lake: mashine inanyamaza mpaka inapokuwa na sababu ya kusema, haimfukuzi mtu, na bado ilibidi watu waende kliniki hadi kliniki kuwafundisha wenzao wasizipite zile taa nyekundu. Usalama wa pale umetengenezwa na mashine na wahudumu na wasimamizi kwa pamoja.

Kwa hiyo nyota. Kwa msaada wa haraka wa sukari naipa ya kulipia nne kati ya tano. Kwa kukusikiliza ukiwa umechoka, tatu, maana inasikiliza vizuri ila msaada wa kwetu haiujui. Zile za rafiki wa kidijitali sizipi hata moja. Swali lenu kubwa, kama akili hii ikizidi yetu itabaki na huruma, naamini inawezekana, nimeiona ikichagua ukweli badala ya kunibembeleza, lakini siamini itatokea yenyewe bila watu wa kuikagua, kuizima inapobidi, na kuipima kwa Kiswahili pia.

Ukianza kuitumia kwa mgonjwa wako: iandikie umri wake, uzito, dawa zote na kipimo cha mwisho kabla ya kuuliza, jina lake usiliweke, na chochote itakachosema kuhusu dozi kinakili kwenye daftari la kliniki umwonyeshe daktari kabla hujashika sindano. Na namba ya nesi wenu muiandike ukutani karibu na kitanda, sio kwenye simu peke yake, bando huwa linaisha usiku.