Mchezo wa kwanza wa vita vya meli za anga: uchukue upi?

Wengi wanaoanza michezo hii ya mezani hununua meli za sanamu ndogo kwanza na kuzifikiria kanuni baadaye. Mtu anavutiwa na sanamu, anajaza kabati, halafu siku ya kucheza hajui hata chombo chake kinakataje kona. Utamu wa michezo hii uko kwenye mwendo: kukisia mwenzako atakuwa wapi baada ya nyote wawili kusogea. Ndiyo maana nimeipanga kwa kuangalia upi utakufundisha mwendo mapema, kabla hujatumia pesa nyingi.

Namba moja ni Full Thrust wa Jon Tuffley, na hapa sisiti. Wachapishaji wake, Ground Zero Games, wameweka kitabu cha kanuni mtandaoni bure. Kinachobaki kununua ni dadu za kawaida za pande sita na rula yenye inchi. Meli zitakuwa vifuniko vya chupa, kila kimoja na mshale wa kuonyesha pua iko wapi.

Kila raundi mnaandika amri kwa siri, kisha mnazifunua pamoja. Tuseme meli yako ina msukumo wa 4, yaani nguvu ya injini ya kubadili kasi au kugeuza pua kila raundi, na kasi ya 8, yaani inchi 8 kwa raundi. Unaandika: kushoto 2, ongeza 2. Kasi inakuwa 10. Unageuza pua hatua moja, kama saa moja kwenye uso wa saa, unasogea inchi 5, unageuza hatua ya pili, unamalizia inchi 5. Raundi inayofuata unaanza na 10 ile ile. Breki ya ghafla hakuna! Isitoshe, ni nusu tu ya msukumo inayoruhusiwa kugeuza, kwa hiyo mwenye pupa humpita adui kwa kasi na kumwachia mgongo wazi.

Kupigana nako ni rahisi kukumbuka. Mzinga wa daraja la 2 unarusha dadu mbili ndani ya inchi 12, na moja hadi inchi 24. Kama adui hana ngao, 4 au 5 ni pigo moja, 6 ni mawili. Mapigo yanafuta visanduku vya uhai vilivyopangwa kwa mistari kwenye karatasi ya meli; mstari wa kwanza ukiisha, unarusha dadu kwa kila mtambo, na wenye kupata 6 unaharibika. Injini ikiangukiwa na 6 hiyo, msukumo unabaki nusu huku kasi iko vilevile. Nimeona meza nzima ikinyamaza kwa dadu moja.

Wa pili ni X-Wing, mchezo wa meli za filamu za Star Wars, toleo la pili la 2018. Sanduku la kuanzia lina meli ndogo za kivita tatu, X-wing moja na TIE mbili, na nusu saa inatosha kuanza kurushiana. Unachagua mwendo kwa siri kwenye kisahani cha kuzungusha, kisha unasogeza meli kwa kufuata kipimo cha kadibodi. Kukisia utakujua haraka, ila uzito wa kasi hutausikia, kwa sababu kila raundi unaweza kuchagua kasi mpya. Mwaka 2024 ilitangazwa kwamba hautaendelezwa tena, kwa hiyo tarajia mtumba. Hesabu vipimo: viwe 11. Hakikisha kila meli ina kisahani chake. Na uliza ni toleo gani, maana meli za toleo la kwanza zinahitaji kadi na visahani vipya kabla ya kuingia kwenye la pili.

Armada wa 2015, nao wa Star Wars, nauweka wa tatu. Ni mchezo wa manowari nzito: meli kubwa ya sanduku la kuanzia, aina ya Victory, huwa na foleni ya amri tatu zilizopangwa mapema. Naupenda sana, lakini unakula meza na jioni nzima, na nao ulisitishwa 2024.

Dropfleet Commander ni wa anayefurahia gundi na rangi, kwa kuwa sanamu unaziunga mwenyewe.

Star Fleet Battles wa 1979 uache kwanza. Raundi moja imegawanywa vipande 32, na kabla ya kusogea unagawa nishati ya meli kwa injini, ngao na silaha. Ni kazi ya kuheshimiwa, ila mgeni huzama kwenye hesabu kabla hajaonja vita.

Ukichukua Full Thrust, anzeni na meli mbili kila upande, kasi ya 6, bila makombora wala ndege ndogo. Mkishacheza mara tatu hivyo, ndipo ukachague sanamu.