Maabara inayoikagua damu ya mgonjwa wa saratani kwa hadubini

Tangu saratani ya mapafu ya mzee wangu ilipofika hatua ya nne, damu yake tunaipima kwenye maabara moja binafsi hapa Magomeni. Anayeuguza mtu wa namna hii, nampendekezea kwa moyo wote.

Tulifika na majibu ya kituo kingine: chembe nyeupe 41,000, ilhali kawaida hazizidi 11,000. Huko walisema ni maambukizi, akapewa antibayotiki dozi juu ya dozi, na homa hana, malaria hana. Hapa damu ilipita kwenye mashine, kisha mtaalamu akaipaka kwenye kioo na kuikagua kwa hadubini. Hakuona chembe changa za leukemia, yaani saratani ya damu. Aliona neutrofili, aina ya chembe nyeupe, zilizokomaa zimejaa tele, na chembe sahani, zile za kugandisha damu, zimefika 780,000 badala ya kuishia 450,000. Chini ya majibu akaandika kwamba daktari aufikirie uvimbe wenyewe. Daktari wa saratani akatufafanulia: baadhi ya uvimbe wa mapafu hutoa kemikali zinazouamuru uboho, ute wa ndani ya mifupa, uzalishe chembe za damu hata kama hakuna mdudu wa maambukizi. Akatuonya pia tuwe macho na mguu ukivimba, maana saratani hii hugandisha damu.

Ila kilichonigusa zaidi ni kalsiamu. "Shikamoo mzee wangu," dada wa kutoa damu alimwamkia, akafunga mpira mkononi, na mshipa ulipojitokeza tu akaulegeza. Mkono ukibanwa muda mrefu, kalsiamu husomeka juu kuliko ilivyo. Wakapima na albumini, protini ya kwenye damu, papo hapo, kwani mgonjwa aliyedhoofu albumini yake ikishuka, kalsiamu inaweza kuonekana ya kawaida kumbe imepanda. Jioni ile ile wakapiga simu: kalsiamu 3.4, na mwisho wa kawaida ni kama 2.6, mpelekeni hospitali sasa hivi. Mzee alikuwa anaomba maji kila saa, hapati choo, majina ya wajukuu anayachanganya. Usiku huo akatundikiwa dripu, akachomwa na dawa ya kuzuia mifupa isimwage kalsiamu. Baada ya siku chache akawa ananiita kwa jina langu.

Bima hawapokei, na bei si ya mchezo. Benchi la kusubiria halina pa kuegemea, mateso matupu kwa mtu anayehema kwa shida. Hilo walirekebishe haraka. Nenda na majibu ya zamani, wanayapanga sambamba na mapya ili daktari aone kinachopanda na kinachoshuka. Jumapili hawafungui.