Uzoefu wangu: mashine ya kufyonza ukungu unaoruka wakati wa kutibu meno, miezi minane Mombasa

Mashine hii yenye mkono mrefu na faneli tunaitumia kando ya kiti cha mgonjwa, na kazi yake naiamini, mradi faneli iwe karibu: sentimita 10 hadi 15 kutoka mdomoni, upande wa kidevu. Mvuto hufifia upesi mno. Umbali ukiongezeka maradufu, kasi ya hewa hubaki takriban robo. Kipimo changu ni kipande cha tishu kidevuni pa mgonjwa. Kikilala kuelekea faneli, anza kazi. Kikitikisika tu, isogeze.

Lakini usiache mrija mnene wa kufyonza ndani ya mdomo. Skela, kifaa cha kusafishia meno, inapokwangua ugaga, ukungu wa maji, mate na damu huanzia kwenye jino lenyewe, na hapo ndipo msaidizi aushike mrija wenye tundu la milimita 8 au zaidi, karibu na ncha ya skela. Ule mwembamba wa mate hunyonya maji yaliyotuama, ukungu ukapita. Kwa kuziba jino, tandaza na shuka la mpira, maji ya drili yasichanganyike na mate.

Kasoro kubwa ni unyevu wa pwani. Chujio la awali huvuta majimaji, na likifungiwa usiku kucha hunuka kuvu. Sisi huliosha kila Ijumaa jioni na kulianika mpaka likauke kabisa, maana likirudi bichi hulowesha chujio la HEPA (la kunasa chembe ndogo sana) lililo nyuma yake, na hilo halioshwi, hubadilishwa. Ukilitoa hilo la HEPA, zima mashine, vaa glavu na barakoa ya N95, ulitie kwenye mfuko wa taka papo hapo bila kulikung'uta. Mlio ukipanda huku tishu ikilegea, limeziba. Taa ya urujuanimno iliyomo ndani siitegemei: hewa huipita kwa kasi mno.

Wala mashine haileti hewa mpya, na kiyoyozi cha ukutani huzungusha ileile. Chumba kinachobadilisha hewa mara 6 kwa saa huchukua dakika 46 kuondoa asilimia 99 ya chembe zilizobaki. Mara 12, dakika 23. Kwa hiyo tunafungua madirisha ya pande mbili upepo upite, mlango wa wanaosubiri ukiwa umefungwa.

Kabla ya kulipa, muulize muuzaji kama ana machujio ya akiba hapa hapa Mombasa, ununue mawili pamoja na mashine.