Vitz ya silinda 3 au 4: injini ya 1KR-FE dhidi ya 1SZ-FE

Toyota Vitz ya toleo la kwanza (kodi ya bodi SCP10) ina 1SZ-FE: silinda 4, sisi (cc) 997. Zilizofuata, KSP90 na KSP130, zina 1KR-FE: silinda 3, sisi 996. Nguvu ni karibu sawa, takriban farasi 70, na zote zina VVT-i (mfumo unaorekebisha muda wa valvu kufunguka) na cheni ya taimingi.

Kwa mafuta na sevisi, 1KR inashinda. Ni nyepesi, inanywa kidogo, na unabadilisha plagi 3 badala ya 4. Spea zake pia ni rahisi kupata, kwa sababu magari yake bado ni mengi barabarani.

Kwa utulivu, chukua 1SZ. Silinda 3 bila shafti ya kusawazisha lazima zitikisike, hasa gari likiwa sailensa (limesimama, injini inaunguruma bila kukanyaga mafuta) huku AC imewashwa. Mtikisiko ukizidi, usikimbilie kufungua injini: kagua maunting (raba zinazoshikilia injini), safisha throttle (mlango wa hewa ya injini), kisha pima plagi na koili. Ugonjwa mwingine wa 1KR ni pampu ya maji kuvuja. Ukiona alama za kulanti (maji ya kupoza injini) iliyokauka karibu na mkanda, badilisha pampu mapema, maana injini ikichemka gasketi ya silinda hedi huungua.

Tatizo la 1SZ ni umri. Ringi za pistoni zikichoka inakula oili, na oili ikipungua cheni hulia asubuhi. Pima oili kwa kijiti kila wiki.

Mizunguko ya mjini peke yako inaifaa 1KR. Ukipata 1SZ isiyotoa moshi wa bluu, kwa bei ndogo, inafaa pia.